Sahani ya Mgeni Kule Bulengera

Nyumba ya Mukaka siku hizi imepakwa rangi ya kijani, rafiki yangu, kijani cha duka la dawa, na sijui ni nani aliyewashauri. Mwezi uliopita nilienda Butembo kutoka Lubero, ninakoishi na kushona nguo, kutafuta nyuzi na vitenge. Nilipomaliza, nikamwambia mwendesha pikipiki anipitishe mtaa wa Bulengera. Sikuwa na shida yoyote huko. Mukaka, yaani bibi kwa lugha yetu, tulishamzika, na wajukuu wake wametawanyika, kila mmoja na njia yake.

Mama mpangaji alinikuta nimesimama nje ya uzio kama mtu aliyepotea. Nilipomweleza kwamba nililelewa ndani ya nyumba hiyo, alinishika mkono akaniingiza, akanikalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote, akaniletea bugali na maharagi kwenye sahani yangu peke yangu, kijiko juu yake. Watoto wake walikuwa wanakula barazani, mikono yote kwenye sahani moja, wakisukumana viwiko na kulaumiana. Mimi nilikula taratibu, nikashukuru kama inavyotakiwa. Lakini masikio yangu yalikuwa kule barazani, na chakula kikanishinda kukimaliza.

Nianzie Beni, maana ndiko nilikotoka. Wazazi wangu walikuwa wakulima wa kakao. Asubuhi moja walienda shamba na hawakurudi, na msomaji wa kwetu, anayewajua wauaji wa porini, hahitaji nieleze zaidi ya hapo. Nilichukuliwa na baba mkubwa, kaka wa baba yangu, mnunuzi wa kakao, mtu mwenye heshima zake. Parokiani alikuwa mstari wa mbele. Kwenye matanga ya watu ndiye aliyeleta viti na turubai bila kuombwa. Akirudi jioni, watoto wa mtaa walimkimbilia kumpokea begi, na mimi pia nilikimbia nao. Ukitaka kujua mtu mbaya anafananaje, usiniulize mimi, kwa sababu yule wangu alifanana na mtu mzuri.

Kazi yangu ilikuwa kuchunga kakao iliyoanikwa uani. Kama hujawahi kukaa karibu na kakao inayochacha, harufu yake ni ya siki, ya majani ya mgomba yaliyooza, na kwa mbali kitu kitamu ambacho hukipati ukikitafuta. Unaigeuza kwa miguu, unaburuza nyayo kutoka mwanzo wa turubai hadi mwisho wake, na zile mbegu zinalia chini yako kwa sauti ya mvua ndogo. Mvua yenyewe ya Beni haibishi hodi. Kakao ikilowa, baba mkubwa hakupiga kelele. Alisubiri tumalize kula, tumalize na sala ya jioni, Salamu Maria mpaka mwisho, ndipo akachukua waya wa umeme uliokaa nyuma ya kabati. Na kakao isipolowa, sababu nyingine ilipatikana: mlango niliouvuta kwa nguvu, jicho nililomtazamia.

Habari za waya sitakueleza. Nitakueleza misumari ya bati la paa, ambayo niliifahamu vizuri, upi una kutu, upi umepinda, upi haukuingia sawasawa, maana huko juu ndiko nilikokaa wakati mwili wangu uko chini. Nilijifunza kutokuwepo. Kazi hiyo niliijua kabla sijajua kusoma vizuri, na mpaka leo naiweza kuliko cherehani.

Mama mkubwa, mke wake, hakunigusa hata mara moja. Yeye alinitengea sahani. Watoto wake walikula pamoja kwenye mkeka, sahani moja kubwa katikati. Mimi nilipewa sahani yangu ya bati, na ukoko wa bugali na sombe ya majani ya muhogo iliyobaki, nikale nyuma ya jiko karibu na kuni. Basi kichwani mwangu mambo hayo mawili yakashikana: anayekula peke yake ndiye anayepigwa. Hakuna aliyenifundisha, niliyaona kila siku, na mtoto huamini anachokiona.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja muuza maandazi. Asubuhi moja nilienda kununua kwake, gauni likanishuka begani, akaona. Aliendelea kugeuza maandazi kwenye mafuta. Kumsema mtu kama baba mkubwa, mtu wa viti na turubai, kulikuwa kujitafutia maneno na mtaa mzima. Lakini siku chache baadaye alikuja kwetu, akacheka na mama mkubwa mpaka wakapigana mabega, akaomba nimsindikize Butembo kwa mama yake mzazi, nimsaidie kubeba mizigo, tungerudi Jumapili. Jumapili alirudi peke yake.

Kwa mama yake alisema tu, "Mama, huyu mutoto apumuzike kwako kidogo." Hakumwambia lingine. Nadhani na yeye aliogopa, na simlaumu. Mukaka aliniangalia kutoka juu hadi chini, akaguna, akasema, "Eko mwembamba sawa fagio. Ingia." Ndivyo nilivyopokelewa.

Butembo ilinipiga kwa baridi. Mimi mtu wa Beni, mtu wa joto, niliamka asubuhi nikaona ukungu umelala kwenye migomba na moshi wa mikaratusi ukitoka kila jiko, nikadhani kuna nyumba inaungua. Mukaka alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya kilima hata kama umekaa mbele yake. Aliuza maharagi sokoni, maharagi yaliyoshuka kutoka Lubero kwenye magunia, na nyumba nzima iliishi kwa maharagi: tuliyala, tuliyachagua, tuliyakanyaga chini ya vitanda. Wajukuu aliokuwa nao, kila mmoja aliachwa pale kwa sababu yake. Mama wa huyu alienda Uganda, baba wa yule alienda kuchimba dhahabu, mwingine alikuwa yatima kama mimi. Jioni walikaa kuzunguka nyungo, wakitoa mawe na maharagi yaliyotobolewa, na yale mazuri yakidondoka kwenye beseni, tii, tii, tii. Walikuwa wanachokozana muda wote. Mimi nilikaa mlangoni nikiwaangalia.

Sasa sikia habari ya sahani. Siku ya kwanza Mukaka alifungua kabati la sebuleni, akatoa sahani ya udongo mweupe yenye maua mekundu pembeni. Ilikuwa moja tu, nyingine zilivunjika zamani. Akaifuta kwa pindo la kitenge chake, akaipakulia bugali laini, maharagi, na kipande cha makayabo, samaki wa chumvi, ambacho nadhani kilikuwa chake mwenyewe. Akanipa mimi. Watoto wengine wakamtumbulia macho yule samaki. Kwao hiyo ilikuwa heshima ya juu kabisa, sahani ya padri akija kubariki nyumba. Mimi niliona sahani yangu peke yangu, na mwili ukajua la kufanya. Niliichukua kwa mikono miwili, nikatoka, nikazunguka nyuma ya jiko, nikachutama nikiuelekea ukuta, nikala.

Mukaka naye akanielewa kwa namna yake. Nilimsikia akiwaambia wale wengine, "Mumuache. Batoto bengine banasikiaka haya kula mbele ya batu. Hapana kusumbua mugeni." Kesho yake ilikuwa vilevile, na kesho kutwa. Yeye ananipa sahani nzuri kwa upendo wote, mimi naenda nayo ukutani. Yeye anaona mtoto wa watu ana aibu, mimi naona bado kidogo tu waya utatokea. Nilichungulia hata nyuma ya kabati lake. Palikuwa na buibui na msalaba wa makuti wa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita.

Nikaanza kuamka kabla ya wote. Nilifagia uani, nilichota maji kisimani, niliosha masufuria mpaka yang'ae, nikidhani mtu mwenye faida hafukuzwi. Mukaka alitoka akaninyang'anya fagio. "Acha, mwanangu. Mugeni hapana kufagia." Hapo ndipo niliogopa kweli. Mgeni ni mtu mwenye siku yake ya kuondoka. Mjukuu mmoja, binti wa umri wangu mwenye pengo mbele, hakunificha. Alikuwa na wivu na ile sahani, akaniuliza tukiwa kisimani, "Weye utarudia lini kwenu?"

"Sijui," nikasema.

"Utarudia tu. Bageni bote banarudiaka kwabo."

Nilibeba ndoo yangu. Ningetoa ile sahani, na makayabo yake, na maua yake, nipate nafasi ya mkono mmoja kwenye sahani yao. Yeye angetoa nafasi yake apate sahani yangu. Tulirudi nyumbani, kila mmoja amenuna kwa ajili ya chakula cha mwenzake.

Baba mkubwa alikuja Jumapili moja baada ya misa. Alivaa shati la kupigwa pasi na alikuwa na mkungu wa ndizi begani, maana mtu mwenye adabu haji mikono mitupu. Nilimwona kutoka jikoni akimsalimia Mukaka kwa Kinande kizuri, lugha yetu, ameinama kidogo, kofia mkononi. Mukaka alifurahi. Kwa kuwa alikuwa mjane, na si vizuri mgeni mwanamume akae peke yake na wanawake, alimtuma mtoto amwite katekista, jirani wa nyumba ya pili, aje amsindikize mgeni mezani. Katekista alikuja hata viatu hakufunga.

Chakula kikaiva. Mukaka alinipita mlangoni, ile sahani ya maua mkononi, imejaa, akaenda kuiweka mbele ya baba mkubwa. Mgeni aliyekuja siku hiyo ndiye mwenye sahani, na sahani ilikuwa moja. Mimi nikabaki nimesimama kati ya jiko na nyumba, bila kitu mkononi, sijui nielekee ukuta upi. Aliporudi akanikuta hapo, akakasirika, maana alikuwa na mambo mengi ya kushughulikia. "Weye unangoya nini? Enda kula na benzako, bugali itapola!"

Nilikaa kwenye mkeka. Hakuna aliyenisogezea nafasi, niliingiza mkono kati ya mikono. Nilikuwa na haraka, nikachota maharagi ya mbele ya yule binti mwenye pengo, naye akanichapa kofi mkononi. "Ile ni upande yangu! Kula mbele yako!" Nikamsukuma. Sikuwa nimemsukuma mtu tangu wazazi wangu waende shamba. Sauti ya Mukaka ikatoka ndani, ile ya ng'ambo ya kilima: "Miye nikikuya huko mutaona! Nitabachapa bote!" Na mimi nilikuwa ndani ya lile bote. Nikaendelea kutafuna. Wala hakuwa na desturi ya kumchapa mtu, sote tulikuja kulijua hilo.

Ndani, baba mkubwa alikuwa anaongea. Mlango ulikuwa wazi na sauti yake ilikuwa ya kanisani. "Mama, tunakushukuru sana. Ulitunza mutoto muzuri. Sasa nilikuya kumurudisha. Eko damu yetu, basi kwabo ni kwangu."

Katekista akakubali kwa kichwa. Ndivyo ilivyo kwetu, mtoto ni wa upande wa baba, na hakuna mjane muuza maharagi anayebishana na hilo. Mukaka alifuta makombo mezani kwa kiganja. Kisha akasema, "Ni kweli. Miye hapana kukatala." Akaniita, akaniambia nikusanye nguo zangu.

Nilizikusanya. Zilikuwa gauni mbili na sweta aliyonipa yeye, na nilijiuliza kama sweta ni yangu au ni ya nyumba, nikaiacha kitandani. Rafiki yangu, wasomaji hupenda kusikia kwamba hapo moyo ulipasuka. Haukupasuka. Nilikuwa nimeshafika kwenye misumari. Nilifunga kitenge changu fundo zuri, nikajiona kwa mbali nikilifunga, nikaona huyo mtoto anajua kufunga mafundo.

Mgeni akimaliza kula, mtoto wa nyumba humletea maji ya kunawa. Mukaka aliniona nimesimama na kifurushi, akaniambia bila kufikiri, "Weka kwanza ile. Letea baba yako mayi anawe." Nilileta jagi na beseni, nikapiga goti, nikamwagia. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa. Yeye alinawa vizuri, kidole kwa kidole, akiendelea kumwambia katekista habari za bei ya kakao. Kisha, kwa kuwa taulo lilikuwa mbali, akainua mkono wa kulia juu, akaukung'uta maji.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka saruji ilikuwa ya baridi shavuni na jagi lilikuwa linabingirika. Nilikuwa nimejikunja chini ya meza, magoti kifuani, mikono miwili juu ya kisogo, na kifurushi changu kimelowa. Hakuna aliyekuwa amenigusa. Mtu alikuwa anakung'uta maji tu.

Watoto walikuja mlangoni. Baba mkubwa alicheka, kicheko cha mtu mwenye subira. "Huyu mutoto eko na mambo yake. Anaangukaka vile. Tulishamuombea sana."

Mukaka alipiga magoti, na magoti yake yalikuwa mabovu. Hakunivuta. Alisema, "Miye njo naangalia kidogo tu," akafungua vifungo vya gauni mgongoni, kimoja kimoja, akaangalia. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akavifunga tena vyote mpaka cha juu, akainuka kwa kushika meza, nami nikakimbilia chumba cha pili, nikachungulia mlangoni.

"Katekista, uliona?"

"Niliona, Mama."

Akamgeukia baba mkubwa. Nilitegemea sauti ya ng'ambo ya kilima, lakini aliongea polepole, kama anavyoongea na mteja. "Weye ni mugeni yangu. Nilikupokea muzuri, ulikula, ulishiba. Sasa urudie kwako. Mutoto anabakia hapa."

"Mama, hapana jisahau. Weye si ukoo."

"Ni kweli, si ukoo."

"Nitakuya na bakubwa ya famille."

"Kuya nabo. Nitabapikia, batakula. Kiisha nitabaita bote mu cour, hapa inje, na majirani, na nitabaonyesha mugongo ya mutoto."

Baba mkubwa alimtazama katekista, mwanamume mwenzake. Katekista alikuwa anaangalia viatu vyake visivyofungwa, lakini alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba nilimokuwa nimekimbilia. Baba mkubwa akavaa kofia yake. Heshima yake ilikuwa kitu alichokipenda kuliko mimi, na Mukaka aliipima vizuri kama alivyozoea kupima maharagi. Aliondoka. Ndizi zilibaki, jioni tulizikaanga, na sina haya kusema zilikuwa tamu.

Hakurudi, wala yeye wala wakubwa wa ukoo. Aliyelipa ni yule mama muuza maandazi. Beni watu walimnunia, wakaacha kununua kwake, mpaka akafunga meza yake, yeye pia akahamia Butembo kwa mama yake. Namwita shangazi mpaka leo. Hajawahi kunikumbusha kilichomgharimu, na nikijaribu kumshukuru ananiambia nikaangalie kama chungu kimechemka.

Tangu siku hiyo sikupewa tena ile sahani ya maua. Nilipewa fagio. Nilipewa zamu ya maji, zamu ya masufuria, na nafasi kitandani kati ya miguu ya wengine, kichwa changu kwenye nyayo za yule binti mwenye pengo, ambazo hazikunukia vizuri. Siku moja niliunguza chungu cha maharagi kwa kuchezacheza. Mukaka aliniita mbele ya wote, akanigombeza kuanzia unywele hadi ukucha, akaniambia kazi ya kuchagua gunia zima ni yangu peke yangu. Nilikaa na ungo hadi giza lilipoingia. Binti mwenye pengo alikuja akakaa, akaanza kutoa mawe. Mwingine akaja. Nakumbuka niliwaza, kumbe adhabu inaweza kuwa hivi tu, na ikaisha.

Asubuhi, jua likitoka, Mukaka alinikalisha kwenye kigoda na kunipaka mafuta mgongoni. Mikono yake ilikuwa migumu. Hakuwahi kuniuliza lolote kuhusu waya. Aliongea habari za sokoni, nani kachanganya maharagi mapya na ya zamani, nani kasema nini kanisani. Mimi sikusikia mikono yake, maana ngozi ya pale ilishakufa, nilisikia tu kigoda kikisogea. Hivyo ndivyo nilivyopendwa, rafiki yangu, kwenye sehemu ambayo sikuweza kuihisi. Nilijua kwamba napendwa kama mtu anavyojua kwamba mji wa Kanyabayonga upo hata kama hajafika.

Usidhani nilikuja kupona siku moja nikaamka nacheka. Nilisoma, nilijifunza kushona, nilihamia Lubero. Nilimkuta baba mkubwa miaka mingi baadaye, sokoni Beni, amezeeka, bado watu wanamwachia njia. Alinisalimia vizuri sana. Aliniuliza kama nimeolewa. Nilimjibu kwa adabu, nikanunua vifungo nilivyokuja kununua, nikarudi na gari la mchana. Sikuhisi kitu. Ila kesho yake mteja alirudisha gauni, nilikuwa nimeshona mikono yote miwili ndani nje.

Sasa ile nyumba ni ya kijani. Binti mwenye pengo ana watoto wake Kampala, na pengo ameliziba. Mwingine alifanya biashara upande wa Kanyabayonga mpaka vita vikamrudisha na godoro kichwani. Maharagi ya Lubero yanashuka ikiwa barabara inaruhusu. Katekista alikufa. Hata ule mkeka sijui ulienda na nani.

Lakini ninalotaka kukuambia ni la mwisho wake Mukaka. Uzee ulimchukua akili kidogo kidogo. Alimwita padri kwa jina la mumewe, akawafukuza wajukuu zake wa damu akiwauliza wametumwa na nani. Nilikuja kutoka Lubero na kikapu cha viazi, nimejiandaa kusahauliwa, maana kama amewasahau wale, mimi ni nani? Nilikaa pembeni ya kitanda. Aliniangalia, akanishika mkono, akawaambia waliokuwemo chumbani, "Huyu njo mutoto yangu ya mwisho. Huyu alinisumbua kuzaa!"

Akaanza kusimulia. "Siku nilikuzaa, mvua ilinyesha sana. Nilikuwa mu shamba ya maharagi. Baba yako akakimbia kutafuta mukunga, akaanguka mu matope, akafika kwake sawa nguruwe. Weye ukatoka. Hukulia. Uliangalia tu. Mukunga akaogopa, anasema huyu mutoto hapana muzima. Miye nikamwambia, muache, atalia siku yake."

Shangazi alitaka kumsahihisha, nikamzuia kwa mkono. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nilizaliwaje. Waliojua walienda shamba nikiwa mdogo, na kwa baba mkubwa hilo halikuwa jambo la kuuliza. Nilikuwa mwanamke mzima, na cherehani yangu na wateja wangu, na ndiyo kwanza nasimuliwa.

"Tena, Mukaka," nikasema. "Simulia tena."

Mara ya pili mvua haikuwepo. Kulikuwa jua kali, alikuwa sokoni, na mimi nililia mpaka wanawake wakaacha mizani wakaja kuangalia. Nilizipokea zote mbili. Macho yangu yalikuwa makavu, kama kawaida yao, na yeye alikuwa anacheka, fizi tupu, akinipapasa vidole. Wiki chache baadaye tulimzika. Watu walilia sana, na waliniangalia mimi niliyekuwa namenya viazi vya matanga bila hata chozi, wakasema huyu hakuwa wa damu. Niliendelea kumenya. Wao walikuwa wamempoteza bibi. Mimi nilikuwa nimempoteza mtu pekee duniani aliyekumbuka siku niliyozaliwa.